Mtoto Aliyeniamkia Kila Nilipoingia

Msimu wa kuvuna mahindi ukikaribia, mimi huanza kuchoka kabla hata kazi haijaongezeka. Mashamba ya Ufipa yanakauka, upepo wa Juni unaanza kukata masikio, na barabara zote za vumbi zinajaa mikokoteni ya ng'ombe inayotoka shambani. Juu ya kila mkokoteni, juu kabisa ya magunia, amekaa mtoto. Wakati mwingine wako kundi zima, wanaimba, wanapunga mikono kwa kila anayepita. Watu wengine wakiona hivyo husema mwaka umekuwa mzuri. Mimi naangalia umbali kutoka lile gunia la juu hadi chini, halafu naangalia gurudumu, halafu nageuza uso.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huku juu, kati ya Sumbawanga na Namanyere, nje kidogo ya barabara ya lami. Nyumba yangu iko Chanji, mjini, lakini siku za kazi nalala kwenye nyumba ya watumishi nyuma ya kituo, yenye bati linalopiga kelele kila upepo ukivuma. Nimekaa hapa muda mrefu. Kuna watoto niliowashona vichwa ambao sasa wananiletea watoto wao niwashone vichwa. Wananionyesha kovu na kucheka, nami nacheka nao, kisha nikiwa peke yangu najiuliza tumejifunza nini muda wote huo.

Watoto wa huku wanaumia vichwa kwa njia zinazojulikana. Wanaanguka kwenye mipera. Wanabebwa mgongoni na dada zao, wadogo karibu sawa na wao, dada anajikwaa na wote wawili wanakwenda chini. Wanapakiwa kwenye bodaboda, mmoja mbele kwenye tangi na wengine nyuma, na anayevaa kofia ngumu ni dereva, kama yupo anayeivaa. Na kila mwaka, mahindi yakikauka, inakuja mikokoteni.

Mkono ukivunjika, hata bibi asiyeona vizuri ataujua. Kichwa ni kitu kingine. Mtoto anaweza kuingia kwa miguu yake, akaomba maji, akacheka, na huku ndani ya fuvu damu inajikusanya polepole. Kwa hiyo nikiletewa kichwa siangalii kwanza damu, ingawa damu ndiyo inayowatisha wazazi. Kwanza natazama anavyopumua. Nashika shingo isigeuzwe ovyo. Namulika macho kuona kama mboni zote mbili zinajifinya sawa. Natazama masikioni na puani kama kuna maji maji yanayotoka, na nyuma ya sikio kama pamekuwa peusi. Nampa vidole vyangu avibane, mkono huu na mkono ule. Halafu namgeukia mama na kumuuliza swali ambalo huwa wanalishangaa: alilia hapo hapo? Hawaelewi kwa nini nataka mtoto awe amelia. Kwangu mimi, aliyelia papo hapo amenipunguzia mzigo mmoja.

Nagombana nao kila mwaka kuhusu mambo yale yale. Wanaukanda uvimbe kwa maji ya moto na chumvi, wanaubonyeza kwa kitambaa kwa nguvu zote ili ushuke, na mimi napiga kelele kwamba chini ya uvimbe kuna mfupa na huenda mfupa umepasuka. Wanamzuia mtoto asilale, wanamchapa mashavu, wanamwagia maji, kwa sababu wameambiwa aliyeumia kichwa akilala haamki. Nawaambia mwacheni alale, amechoka, kazi yangu mimi ni kumwamsha kila baada ya muda na kuona anaamka vipi. Wananiitikia, "Sawa, dokta." Mwaka unaofuata ni yale yale.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa kama siku nyingine yoyote ya msimu huo. Asubuhi nzima nilikuwa na foleni ya vikohozi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Sumbawanga na mama mjamzito aliyekuwa ameshindwa kujifungua. Chai niliyoitia kwenye chupa alfajiri sikuwa nimeigusa, na miguu ilikuwa imenivimba ndani ya viatu. Mchana ulipopita kidogo waliingia watatu: mzee mmoja, mama kijana wa umri wa binti yangu, na msichana ambaye nadhani alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Msichana alikuwa anatembea mwenyewe, ameshika pindo la kanga ya mama yake. Aliponiona alifanya kile tulichofundishwa sote tuliozaliwa huku: alichuchumaa chini, akakutanisha viganja vyake na kupiga vikofi vidogo vya taratibu, akasema, "Shikamoo, bibi."

Nilifurahi, siwezi kukataa. Siku hizi watoto wa mjini wanakupungia mkono tu na kusema "mambo", na wewe uliyewazidi bibi zao umri unabaki umesimama kama mlingoti. Nikamwitikia marahaba kwa sauti yote. Kisha nikamwamkia mzee, naye akaitikia, akakaa kwenye benchi na kuweka kofia yake juu ya magoti.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Aliteleza mlangoni, dokta," mama akasema. Alikuwa anaangalia sakafu. "Akapiga kichwa kwenye kizingiti."

Juu ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe mpana, laini, unaobonyea chini ya kidole kwa namna nisiyoipenda. Walikuwa wameshaukanda, ngozi ilikuwa nyekundu na chumvi imekauka kwenye nywele. Nikafanya yale ninayoyafanya. Macho yalikuwa sawa. Masikio makavu. Alivibana vidole vyangu vizuri pande zote mbili na kunitajia jina lake bila kusita.

"Alilia hapo hapo?"

Mama alirekebisha kanga yake begani. "Alilia," akasema.

"Ametapika?"

"Mara moja tu. Lakini asubuhi alikunywa togwa nyingi."

Nikawaambia mtoto atalala kwenye kitanda cha chumba cha uangalizi hadi jioni, nimtazame. Mzee akainuka. Alizungumza kwa heshima, lakini nilisikia haraka iliyokuwa ndani yake.

"Dokta, ng'ombe wamesimama na mzigo pale nje. Mtoto ni mzima, umeona mwenyewe. Tupe dawa ya maumivu tu, tukamtazame nyumbani."

Nilikataa. Sikukataa kwa sababu nilikuwa nimejua jambo. Nilikataa kwa sababu ya ule uvimbe, na kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka nakuwa mkaidi. Mzee alirudi kwenye benchi akanuna.

Nikaenda kuendelea na foleni yangu. Niliporudi chumbani, msichana aligeuka kitandani, akakutanisha viganja, akapiga vikofi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nikamulika macho yake tena. Yalikuwa sawa.

"Unaona?" mzee akasema kutoka kwenye benchi, na uso wake ukafunguka. "Akili yote ipo. Mtoto anayejua kusalimia wakubwa ana ugonjwa gani?"

Nami nikatabasamu. Niliwaza kwamba huyu amelelewa vizuri, huenda anadhani kila daktari akiingia ni lazima aamkiwe upya. Nikampa kijiti cha kutazamia koo achezee, kile cha mbao, nikamwambia ni zawadi yake. Akakishika vizuri na kusema ahsante. Kisha wakaniita nje, kulikuwa na mzee mwingine amebanwa na pumu.

Nilikwenda kwa huyo wa pumu kupitia uwanjani, na hapo ndipo nilipouona mkokoteni wao. Ulikuwa umejaa magunia ya mahindi hadi juu, ng'ombe wamefungwa kwenye mti, wanacheua. Nilipita, nikafika karibu na mlango wa pili, kisha nikasimama. Mtoto akianguka nyumbani mlangoni, huku kwetu anakuja kwa bodaboda ya jirani, au anabebwa mgongoni. Hakuna anayefunga ng'ombe na kupakia mahindi ndipo amlete mgonjwa. Hawa walikuwa wanatoka shambani. Na kwenye nywele za yule msichana, pamoja na ile chumvi, nilikuwa nimeona vumbi la barabara na makapi ya mahindi, nikayaona na kuyapita kama mtu anayesoma huku anasinzia.

Nilimpa mzee wa pumu dawa yake na kurudi mbio kadiri miguu yangu ilivyokubali.

Nilipoingia, msichana aliinuka. Safari hii alitaka kabisa kushuka kitandani ili achuchumae kwa adabu zote, mama akamzuia. Akapiga vikofi vyake pale pale, akanitazama kwa uso ule ule wa mwanzo, uso wa mtoto anayekutana na mgeni, akasema, "Shikamoo, bibi."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Marahaba. Mimi na wewe tumeonana wapi leo?"

Alinitazama kwa aibu. "Bado hatujaonana."

"Nilikupa zawadi gani?"

Kijiti kilikuwa kimelala pembeni ya mkono wake. Nikakishika na kumwonyesha, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Babu yuko wapi?" Akamwonyesha kwa kidole, bila kukosea. "Na huyu ni nani?" Mama. "Mmekujaje hapa?" Hapo akageuka kumtafuta mama yake kwa macho, na midomo ikaanza kutetemeka.

Watu wake alikuwa anawajua, jina lake analijua, adabu zake zote anazijua, kwa sababu hizo ziliingia zamani, kabla hajajua hata kutembea sawasawa. Kilichokuwa hakiingii ni siku ya leo. Kila nilipotoka nilifutika. Kila nilipoingia nilikuwa mgeni mpya, na mgeni huamkiwa.

Nilimtazama yule mzee. Alikuwa bado anatabasamu.

Sasa, kuna jambo moja ambalo asiyeishi huku anaweza kuchelewa kulielewa. Mama yule alikuwa mkwe wa huyu mzee. Mkwe wa kike hamsemi baba mkwe wake mbele ya watu, wala nyuma yake kama anaweza kuepuka. Hata ningemuuliza mara ngapi pale chumbani, mlango na kizingiti vingebaki pale pale. Nikamwambia anisaidie kukunja mashuka stoo. Tulipofunga mlango niliacha Kiswahili, nikamuuliza kwa Kifipa, taratibu, kama ambavyo mama yangu angeniuliza mimi.

Alilia kwanza. Kisha akaniambia. Mtoto alikuwa amekaa juu ya magunia. Gurudumu moja liliingia kwenye korongo la maji ya mvua, mkokoteni ukalala upande, mtoto akarushwa na kupiga kichwa kwenye jiwe la kando ya barabara. Hakulia. Alilala pale kimya kama mtu aliyesinzia, macho nusu wazi, wakamwita hakuitika. Mzee ndiye aliyekuwa anaswaga ng'ombe. Mume wake, baba wa mtoto, yuko Kasesya, anapakia na kupakua malori mpakani, na hajui lolote.

"Nikisema mbele yake nitakuwa nimemshitaki," akasema. "Nitarudije pale nyumbani, dokta?"

Nilitaka kumfokea. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nilitaka kumuuliza atarudi nyumbani na nini sasa, na heshima yake au na mtoto wake. Lakini nami ni mkwe wa watu, nimekaa kimya mbele ya baba mkwe wangu kwa mambo mengi hadi alipofariki. Nikayameza. Nikamfuta machozi kwa ncha ya shuka la serikali na kumwambia akamshike mtoto wake, hayo mengine niachie.

Nilimwita mzee nje, tukasimama karibu na ng'ombe wake. Sikumwambia nimeambiwa.

"Baba," nikasema, "magunia haya yametoka shambani leo. Mtoto alikuwa amekaa wapi?"

Alishika pembe ya ng'ombe mmoja, akaikandakanda. Upepo ulikuwa unapeperusha makapi miguuni mwetu.

"Alikaa juu," akasema. "Wote wanakaa juu. Mimi mwenyewe nilikaa juu, baba yangu akiswaga."

"Alilala pale chini muda gani?"

"Nilidhani amekufa." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nilimmwagia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo. Kisha akafungua macho, akaniona. Unajua alifanya nini, dokta? Akapiga vikofi akiwa amelala pale pale kwenye vumbi. Akaniambia, shikamoo, babu. Nikajua Mungu amemrudisha."

"Asubuhi alikuwa ameshakuamkia?"

"Aliniamkia nyumbani, kabla hatujatoka." Alisema hivyo kwa kawaida tu. Kisha nikaona anaanza kuelewa kwa nini nimeuliza. Aliiachia pembe ya ng'ombe na mkono ukabaki umening'inia.

Sikuwa na nguvu ya kumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifurahia ile shikamoo ya kwanza, na ya pili nikaitolea tabasamu. Huku tunawapima watoto kwa hiyo. Mtoto mgonjwa akiamkia, watu wanasema anaendelea vizuri. Mgeni akiamkiwa na mtoto, anamsifu mama. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba adabu inaweza kubaki imesimama peke yake wakati mwenyewe ameondoka.

Niliinua kichwa cha kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu ya upande huo, nikamnyoosha msichana shingo ikae sawa na kifua, nikawakataza wasimpe chochote, hata togwa, hata maji, maana akisinzia na kutapika vitamwingia mapafuni. Nikampima sukari. Nikapiga simu kwa dereva wa gari la wagonjwa, akasema bado yuko Sumbawanga. Mzee alikuja akasema atamwaga mahindi yote pale uwanjani, amlaze mjukuu kwenye mkokoteni, aende naye hadi mjini kwa miguu. Nilicheka, na kicheko hicho hadi leo kinaniudhi. Mkokoteni wa ng'ombe kwa ajili ya kichwa kilichoumizwa na mkokoteni. Lakini alikuwa hatanii. Alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya gunia la kwanza.

"Kaa naye, baba," nikamwambia. "Mshike mkono. Ukiona anasinzia usimchape. Niite."

Msichana alitapika tena, na baadaye tena, na hapo togwa haikuwa na la kusema. Usingizi ulianza kumzidi. Kila nilipomgusa alifungua macho, akanitafuta usoni, na vikofi vilikuja, vimelegea zaidi kila safari. "Shikamoo, bibi." Mama alikuwa anageuzia uso ukutani kila alipoisikia. Nami nilikuwa nimeanza kuichukia. Nilijikuta nachelewa mlangoni kwa kuogopa kuingia na kuamkiwa.

Gari lilirudi jua likiwa limeanza kuinama. Dereva alikuwa hajala, nikampa chai yangu iliyokuwa imepoa kwenye chupa, akainywa amesimama, tukaondoka. Nilipanda mimi na mama. Mzee tulimwacha uwanjani na ng'ombe wake, maana gari lilikuwa na nafasi ya msindikizaji mmoja, naye hakubishana. Nilimwona kwenye kioo amesimama kofia mkononi hadi vumbi likamfunika.

Kipande cha barabara hadi kwenye lami ni kibaya, tulikwenda taratibu, nimekishika kile kichwa katikati ya mikono yangu ili kisitikisike. Nilikuwa namwamsha kila mara. Anafungua macho. "Shikamoo, bibi." Marahaba. Tunakwenda. Namwamsha. "Shikamoo, bibi." Marahaba, mwanangu, marahaba. Tulipoikuta lami dereva akaongeza mwendo, na nikamwamsha tena, na safari hii alifungua macho, akanitazama, na hakusema kitu. Mikono yake ilisogea kidogo juu ya kanga, kama inatafutana, kisha ikaacha.

Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimezoea kuogopa kimya kimya. Siku hiyo sikuweza. Nilimwinamia na kumwambia niamkie, mwanangu, niamkie bibi yako. Mama yake alinitazama kama mwendawazimu. Ile shikamoo niliyokuwa naikimbia mchana kutwa, sasa nilikuwa naiomba. Aliguna tu. Bado alikuwa anasikia akifinywa, bado mboni zilikuwa sawa, nikawa najiambia hivyo kwa sauti, macho sawa, anasikia, anapumua, mpaka tulipoanza kuona taa za mji.

Hospitalini walimpokea upesi. Niliwaeleza yote, jiwe, muda aliolala bila kuitika, kutapika, na nikawaeleza habari ya kuamkia. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana, aliniuliza nirudie hapo. Nikarudia. Hakucheka. Picha ya kichwa ilionyesha mfupa umebonyea ndani na damu kidogo imekaa chini yake. Wakampeleka Mbeya, na huko wakakifungua kichwa, wakaunyanyua ule mfupa, wakaisafisha ile damu. Baba yake aliwafuata kutoka Kasesya. Mimi nilirudi kwenye kituo changu na foleni yangu ya vikohozi.

Nilikuwa napata habari kwa vipande. Ameamka. Anakula uji. Anamjua baba yake. Nilikuwa nauliza kama anakumbuka mambo, wananijibu kwamba ni mzima, dokta, anasalimia kila mtu. Nikisikia hivyo nilikuwa naweka simu chini na kukaa tu. Jibu hilo halikuwa na maana yoyote kwangu tena. Na sikuweza kuwaeleza kwa simu kwa nini linaniumiza.

Huku nje mikokoteni iliendelea kupita. Nilisimama getini mara nyingi nikiwapigia kelele waswagaji wawashushe watoto. Wengine waliwashusha mbele yangu na kuwapandisha tena walipofika kwenye kona. Watoto walinipungia. Nikawa nawapungia nami, nitafanyaje, kisha narudi ndani kukaa.

Walimleta kituoni kwa ajili ya kusafisha kidonda, mahindi yalipokuwa yameshakwisha mashambani. Nilikuwa nafungua geti asubuhi, na pale nje walikuwa wamesimama watatu wale wale. Msichana alikuwa amenyolewa kichwa chote, kovu limejikunja juu ya sikio, kitambaa cha mama yake kimefungwa shingoni kwa ajili ya baridi. Alipoona natoka alichuchumaa, akapiga vikofi, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikasema, na sikumtazama usoni. Mzee alikuwa anachekelea. Mimi moyo ulikuwa mzito. Nikawaelekeza kwenye benchi la nje wasubiri, nikaingia ndani, nikajipa kazi. Nilipanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilimhudumia mmoja, nikamhudumia mwingine. Nilikuwa najua nitakachokifanya, na nilikuwa nakiogopa.

Mwishowe nilitoka, nikapita mbele ya benchi lao polepole, nimeshika trei isiyo na kitu. Msichana aliinua macho. Alinitazama. Nikapunguza mwendo zaidi. Aliendelea kunitazama, miguu inaning'inia, mikono imelala mapajani, na akanyamaza.

"We mtoto!" Mzee alishtuka, akamgusa bega. "Humwoni bibi? Mwamkie!"

"Nimeshamwamkia," msichana akasema, na alikuwa ameudhika kidogo. "Asubuhi, pale getini. Hata yeye ameitika."

Mzee alinyanyua kidole amkaripie kwa kujibizana na wakubwa. Kidole kikabaki hewani. Alinigeukia, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto.

Nilikaa kwenye benchi kati yao, na trei yangu magotini.

"Mwache, baba," nikasema. "Ni kweli. Ameshaniamkia."